Risasi Haijaribiwi Nyumbani: Maelezo kwa Wakaazi wa Mipakani



Msafiri anayekuja Kampala kutoka Busia, Malaba, Mutukula, Mpondwe au Elegu mara nyingi huijua Kisenyi kabla hajaujua mji wenyewe. Mtaa huu ulio bondeni, chini ya kilima cha Mengo, jirani na soko la Owino na mfereji wa Nakivubo, ni mahali pa mashine za kusaga mahindi, mafundi wa kuchomea vyuma, wauzaji wa vipuri na migahawa ya ndugu zetu Wasomali. Mganda, Mkongo, Mkenya na Msomali wakikutana hapa kupatana bei, lugha yao ni Kiswahili.

Kisenyi pia ni mahali ambapo chuma chakavu hupimwa kwa gunia. Anayelijaza gunia hilo kijijini hajui kila kilichomo, na anayelimimina karakanani hajui limetoka wapi. Katika nchi ambazo zimepitiwa na vita kwa vipindi mbalimbali, kama ilivyokuwa kwetu na kwa majirani zetu, si ajabu risasi nzima kujificha kati ya misumari, nati na vipande vya jembe. Inapoonekana, mtu mzima hushtuka. Kijana huipokea kwa hamu, akauliza, "Je, hii ni ile inayochanua?"

Swali hilo limeenea kwa sababu ya picha za simuni zinazoonyesha watu wa nchi za mbali wakipiga risasi kwenye madumu ya maji, udongo wa mfinyanzi au mapande ya nyama, kisha wakiinua kipande cha madini kilichofunguka kama ua. Tumeona vyema tulijibu swali lenyewe badala ya kulikemea. Kuuliza si ujinga. Mtu aliyeelezwa kwa nini jambo ni la hatari huliepuka hata pale ambapo askari hayupo.

JINA MOJA, VITU VINNE

Katika Kiswahili neno "risasi" hubeba maana mbili. Ni jina la madini mazito, laini, yenye rangi ya kijivu, na pia ni jina la kitu kinachotoka kwenye bunduki. Upande wa Kongo wengi husema "masasi". Lakini kile ambacho mtu hukiokota na kukiita risasi kwa kawaida ni vitu vinne vilivyounganishwa: ganda la shaba nyeupe au chuma, kiwashio kidogo kilichopachikwa kwenye kitako cha ganda, baruti iliyomo ndani, na kichwa kilichokaa mdomoni mwa ganda. Kichwa ndicho kinachoruka. Vitu vitatu vilivyobaki vipo kwa ajili ya kukirusha.

Yafaa kuukumbuka mpangilio huu, kwa maana nguvu ya risasi haimo katika bunduki. Imo ndani ya ganda lenyewe. Bunduki huipa nguvu hiyo njia na mwelekeo tu. Kwa hiyo risasi isiyo na bunduki si kipande cha chuma kisicho na madhara. Ni chombo kidogo kilichofungwa, chenye baruti na kiwashio kinachongoja kugongwa au kupashwa moto.

RISASI INAYOTANUKA NI IPI

Kichwa cha risasi ya kawaida ya kijeshi ni kiini cha madini ya risasi au chuma kilichofunikwa kwa gamba gumu la shaba au chuma, na ncha yake imezibwa. Kikimpiga mtu, mara nyingi hubaki na umbo lake, na huweza kupenya na kutokea upande wa pili.

Risasi inayotanuka ni tofauti. Ile ya bastola kwa kawaida ina tundu kwenye ncha, na gamba lake huwa limekatwa mistari myembamba kiwandani. Inapoingia mwilini, majimaji ya mwili husukumwa ndani ya tundu kwa kasi kubwa. Shinikizo hilo huisukuma kingo ya tundu kutoka ndani kwenda nje, na ncha hufunguka kama uyoga. Kichwa kilichokuwa na upana wa milimita 9 huweza kuzidi mara moja na nusu ya upana huo. Hapo hupunguza mwendo haraka, hutengeneza jeraha pana zaidi, na mara nyingi hubaki mwilini badala ya kutoka.

Katika nchi kadhaa polisi huruhusiwa kuitumia. Hoja yao ni kwamba risasi inayosimama ndani ya mlengwa haiendelei kumtafuta mpita njia aliye nyuma yake. Hoja hiyo, hata hivyo, imejengwa juu ya mafunzo, kumbukumbu za kila risasi iliyotoka ghalani, na askari anayewajibika mbele ya sheria kwa kila anachofyatua. Ukiyaondoa hayo matatu, risasi hii ni njia ya kuongeza maumivu, na dunia ililitambua jambo hilo zamani.

TOKA DUM DUM HADI MUNYONYO

Historia ya risasi hizi imepita karibu na kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1890 Waingereza waliokuwa wakipigana kwenye mpaka wa kaskazini-magharibi ya India walilalamika kwamba risasi zao mpya zenye gamba kamili zilipita mwilini bila kumzuia adui. Katika kiwanda cha serikali cha Dum Dum, karibu na Calcutta, zikatengenezwa risasi ambazo gamba lake halikufunika ncha. Jina la kiwanda likawa jina la risasi, na hadi leo watu wengi duniani huziita hivyo.

Mwanzoni mwa mwaka 1898 jambo hilo lilifika katika bonde la Nailo. Askari wa Uingereza waliokuwa wakijiandaa kwa vita vya Atbara, nchini Sudan, walikaa kambini wakizikata ncha za risasi zao kwa tupa, mmoja baada ya mwingine, ili zitanuke. Hii ndiyo karakana ya mkono tunayoionya leo. Haikuanza kwa kijana mwenye simu. Iliwahi kufanywa na askari wa jeshi kwenye mto uleule unaotoka Jinja.

Mwaka uliofuata mataifa yalikutana The Hague, Uholanzi. Tarehe 29 Julai 1899 yakapitisha tamko la kuacha kutumia vitani risasi zinazotanuka au kubapa kwa urahisi katika mwili wa binadamu. Uingereza ililipinga wakati huo, lakini ilijiunga nalo mwaka 1907. Sababu ya tamko ilikuwa nyepesi kueleweka: lengo la vita ni kumwondolea adui uwezo wa kupigana, na jeraha linalozidi lengo hilo ni ukatili usio na faida.

Hata hivyo palibaki pengo. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, uliyahesabu matumizi ya risasi hizi kuwa kosa la kivita katika vita vya nchi na nchi tu. Vita vya ndani, ambavyo ndivyo vilivyoumiza zaidi watu wa eneo letu, havikutajwa katika kifungu hicho. Pengo hilo lilizibwa hapa kwetu. Kuanzia tarehe 31 Mei hadi 11 Juni 2010, wajumbe wa nchi wanachama walikutana Munyonyo, kando ya ziwa, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Kisenyi, kuupitia upya mkataba huo. Tarehe 10 Juni, kwa pendekezo lililoletwa na Ubelgiji, walikubaliana kwamba kutumia risasi zinazotanuka katika vita vya ndani ya nchi nako kuwe kosa la kivita. Walieleza kwamba kosa hilo ni la mtu anayezitumia ili kuzidisha mateso yasiyo na haja.

Kwa hiyo mabadiliko hayo yanajulikana duniani kwa jina la Kampala. Lingekuwa jambo la kusikitisha iwapo mji uliokubali jina lake litumike kuzuia mateso haya ungekuwa pia mji ambamo watoto hujifunza kuyatengeneza nyuma ya nyumba.

KWA NINI JARIBIO LA NYUMBANI HALISEMI KWELI

Sasa turudi kwa kijana na dumu lake la maji. Tuseme amefanikiwa kufyatua, na kichwa kimechanua. Amejifunza nini? Jibu letu ni kwamba amejifunza kidogo sana, na sehemu kubwa ya alichojifunza si sahihi.

Maji huisukuma ncha ya risasi kwa nguvu kuliko nyama ya mwili inavyofanya. Risasi inayochanua vizuri ndani ya dumu huenda isichanue hivyo pengine. Udongo wa mfinyanzi nao hudanganya kwa namna yake: ukitobolewa, hubaki umetanuka, haurudi. Mwili wa binadamu hunyumbuka, hutanuka na kurudi. Ndiyo maana shimo la kwenye udongo huonekana kubwa la kutisha, na mtazamaji huamini ameona jeraha ilhali ameona tabia ya udongo. Nyama ya buchani haina msaada zaidi. Imepoa, imekatwa, na mfupa mmoja uliopo au usiokuwepo hubadilisha matokeo yote.

Wataalamu hutumia kitu kingine kabisa. Ni jelatini maalumu, sehemu 10 kwa kila sehemu 100 za mchanganyiko, inayotunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 4 za selsiasi. Kabla ya kazi huihakiki kwa kupiga kigololo kidogo cha chuma kwa kasi inayojulikana na kupima kilivyozama. Kikizama kupita kiasi au kikikwama mapema, jelatini hiyo haitumiki. Risasi hupigwa mara nyingi, si mara moja, na kasi ya kila moja hupimwa kwa chombo. Kisha hurudiwa kupitia nguo nzito, mbao, bati na kioo cha gari. Hayo hufanyika katika viwanja vilivyofungwa, vyenye kuta za kuzuia risasi, watu wakiwa wamevaa kinga za macho na masikio.

Kurudia kupitia nguo na mbao kuna sababu kubwa. Tundu la ncha likijaa nyuzi za nguo au vumbi la mbao, majimaji hayaingii tena kwa nguvu ile, na kichwa huweza kukataa kutanuka. Hapo risasi iliyosifiwa kuwa "inasimama" hupenya kama ile ya kijeshi. Yaani aliyeona kichwa kimechanua ndani ya maji na kuamini kwamba risasi yake haitampita mlengwa amejengewa imani ya uongo, na imani hiyo ndiyo huua jirani.

Hata shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilijifunza hili kwa gharama ya maisha. Katika mapambano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, risasi moja ya askari wake ilichanua kama ilivyotengenezwa, lakini ikasimama kabla ya kufika moyoni mwa mhalifu, ambaye aliendelea kupigana. Maafisa wawili waliuawa siku ile. Baada ya hapo ndipo vipimo vya jelatini vikawekewa utaratibu mkali. Ikiwa taasisi yenye maabara na wataalamu ilidanganyika kwa kutazama kuchanua peke yake, dumu la lita 20 haliwezi kumfundisha mtu lililo zaidi.

UPANDE WA PILI WA UKUTA

Lakini kosa la hesabu si hasara kuu. Hasara kuu iko pale risasi inapokwenda baada ya dumu.

Kichwa cha risasi ya bastola ya milimita 9 kina uzito wa gramu 8 hivi. Hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde, mwendo unaokaribia au kuzidi ule wa sauti. Aliye mbele yake hana nafasi ya kusikia na kukwepa. Kisipozuiwa na kitu, huweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Kutoka katikati ya Kisenyi, umbali huo unavuka soko la Owino na kuingia kwenye vituo vya matatu vilivyojaa watu.

Bati haliizuii. Mlango wa mbao hauizuii. Ukuta wa udongo au wa tofali bichi hauaminiki. Katika mitaa ambamo chumba kimoja hugawanywa kwa pazia au ubao mwembamba, anayefyatua ndani ya chumba chake anafyatua ndani ya chumba cha jirani. Ikigonga jiwe, saruji au chuma, hugeuza njia na kurudi kusikotarajiwa, pengine kwa yule aliyeifyatua. Ikipigwa juu angani haipotei. Hurudi chini, na imewahi kuua watu katika nchi nyingi ambako bunduki hupigwa hewani kwenye sherehe.

Tunaomba kila msomaji ajiulize swali moja kabla ya jingine lolote: nyuma ya dumu langu kuna nani? Huyo si adui wala mhalifu. Huenda ni mama anayekaanga chapati, au mtoto anayefanya kazi ya shule kwa mwanga wa taa. Hakuna anachojifunza kijana kuhusu risasi ambacho kinalingana na thamani ya mtu huyo.

NYUNDO, TUPA NA MOTO

Wapo wasiokuwa na bunduki ambao hutaka kuifungua risasi, kuikata ncha au kuiyeyusha. Kwao tunasema yafuatayo.

Kuibana risasi kwenye jiriwa na kuigonga ni sawa na kukigonga kiwashio chake. Nje ya bunduki hakuna mtutu wa kukielekeza kichwa. Ganda lenyewe hupasuka na vipande vyake hurushwa kila upande. Kichwa, kwa kuwa ni kizito, mara nyingi hakiendi mbali, lakini vipande vyepesi vya ganda na kiwashio huingia machoni na vidoleni. Hali ni hiyohiyo risasi inapotupwa kwenye moto wa takataka au inapoingia pamoja na chuma chakavu kwenye tanuru. Na kilichoonekana kama risasi kubwa kuliko kawaida kinaweza kuwa kitu kingine kabisa, chenye mlipuko wa kubomoa karakana.

Kuikata ncha kwa tupa, kama walivyofanya askari wale wa Atbara, kuna hatari yake mahususi. Gamba la risasi nyingi za kijeshi liko wazi upande wa kitako. Ukilifungua pia upande wa ncha, unalifanya kuwa bomba. Baruti inapolipuka huweza kukisukuma kiini kitoke peke yake na kuliacha gamba limekwama mtutuni. Anayefyatua tena bila kujua, bunduki humpasukia mkononi na usoni. Waingereza waliliona tatizo la namna hiyo mwaka 1899, hata kwa risasi zao za kiwandani zenye tundu, nao wakaziondoa. Tatizo lililowashinda wenye viwanda halitatuliwi kwa tupa ya kuazima.

Kuyeyusha vichwa ili kupata uzito wa nyavu au madini ya kuuza nako kuna sumu. Moshi na vumbi la madini ya risasi huingia mwilini polepole. Watoto ndio huumia zaidi, kwa kuwa huathiri ukuaji wa ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mvuvi anayeyeyusha risasi kwenye sufuria ya nyumbani hupeleka sumu mezani pamoja na samaki.

SHERIA INASEMAJE

Nchini Uganda, Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 inakataza mtu kununua, kupata au kuwa na silaha ya moto au risasi bila cheti halali. Tunasisitiza neno "risasi". Sheria haikungoja bunduki iwepo. Risasi moja mfukoni, kabatini au kwenye kisanduku cha vifaa vya ufundi inatosha kumfikisha mtu mahakamani. Nako kuwa na cheti hakumpi mwenye bastola ruhusa ya kuijaribu uani. Cheti kinahusu kumiliki. Mahali pa kulenga shabaha ni uwanja uliokubaliwa.

Kwa wasomaji wa ng'ambo ya mpaka, msidhani kuvuka kunabadilisha jambo. Kenya ina sheria yake ya silaha inayodai leseni, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Zaidi ya hayo, Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na majirani wengine walitia saini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004. Itifaki hiyo inazitaka nchi kufanya kumiliki silaha ndogo bila idhini kuwa kosa la jinai, kuziwekea alama silaha, na kushirikiana kufuatilia zinakotoka. Aliyebeba risasi ndani ya gunia la mahindi kutoka nchi moja hadi nyingine hajavunja sheria ya nchi moja tu.

Wazee wa Karamoja wanajua kwa nini majirani walilazimika kukubaliana. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto lilivunjwa na bunduki zikaingia vijijini. Wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi, na vilio vikavuka hadi Turkana na Pokot. Ghala lilivunjwa mara moja. Kuzikusanya silaha hizo kumechukua miaka mingi, na kumegharimu maisha ya raia na ya askari. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

UKIIKUTA, FANYA HIVI

Tunajua hofu iliyopo. Mwananchi huwaza, "Nikiipeleka, nitaulizwa nimeitoa wapi, nami nitalala mahabusu." Hatutaki kuipuuza hofu hiyo, wala hatuwezi kuahidi katika ukurasa huu kile ambacho sheria haikutupa. Lakini ipo njia rahisi inayomlinda mwananchi mwenyewe, nayo ni kutoiokota. Aliyekiona kitu na kutoa taarifa kabla ya kukigusa ni shahidi. Aliyekitia mfukoni amejiweka katika nafasi nyingine.

Kwa hiyo, ukikuta risasi au kitu kinachofanana nayo shambani, njiani au ndani ya gunia la chuma chakavu:

Kwanza, usiiguse, usiisogeze, usiipige teke. Waondoe watoto.

Pili, weka alama ya kuonekana kwa mbali, kama tawi au kitambaa, na umwache mtu mzima azuie wengine kukaribia.

Tatu, mwite mwenyekiti wa LC1 awe shahidi, kisha upige simu polisi kwa namba 999 au 112, ambazo hazina malipo. Ng'ambo ya mpaka, anza kwa chifu, mwenyekiti wa kijiji au mkuu wa mtaa wako.

Nne, eleza mahali, wakati na ulichokiona. Usitume mtoto kukileta kituoni, na usikipakie kwenye bodaboda au basi.

Kwa wenye karakana na mizani ya chuma chakavu, tunaomba jambo moja zaidi: mimineni gunia na kulitazama kwenye mwanga kabla halijafika kwenye nyundo, mkasi wa chuma au tanuru. Dakika chache za kutazama ni bima isiyolipiwa. Andikeni pia jina la aliyeleta mzigo, si kwa kumshuku, ila ili ijulikane mzigo wa namna hiyo unatoka wapi na mahali hapo pakaguliwe kabla mtoto hajapafikia.

Na ikiwa mtu amekwisha kujeruhiwa, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu na bila kuachia. Usijaribu kukitoa kichwa cha risasi wala kukitafuta kwa kidole; kilichotanuka kina kingo kali zinazoweza kukata zaidi, hata mkono wa anayekitafuta. Mfikishe kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Fomu ya polisi inaweza kuandikwa baadaye. Damu iliyomwagika hairudi.

NENO LA MWISHO

Kijana aliyeuliza kama risasi ile inachanua hakuuliza vibaya. Sasa anajua kwamba, ndiyo, zipo zinazochanua. Kwamba kuchanua kwake hakupimwi kwa dumu. Kwamba mataifa yalikaa The Hague na kisha Munyonyo kuzuia mateso yake. Na kwamba risasi ile iliyo mbele yake haikumletea elimu yoyote ambayo hajaipata hapa bila kufyatua.

Kazi iliyobaki ni ndogo na iko mikononi mwake. Arudi nyuma hatua kumi, azuie wadogo zake, apige simu. Sisi tutakuja kuichukua. Kesho yake mashine za kusaga zitanguruma Kisenyi kama kawaida, mabasi yatajaza abiria wa kwenda mipakani, na jirani aliye upande wa pili wa ukuta ataamka bila kujua kwamba kuna mtu aliyemlinda. Ulinzi mwingi wa mpaka huwa wa namna hiyo.